Tairi Pana Nyuma ya Pikapu ya Zamani: Soma Namba Kabla ya Kutoa Pesa

Yafuatayo ni mazungumzo yaliyotolewa mjini Voi na mkufunzi wa ufundi wa magari mbele ya wenye pikapu, madereva, mafundi wa jua kali na wananchi wengine. Tunayachapisha kwa sababu pikapu za zamani bado ndizo zinazobeba mavuno, maji, mchanga na vifaa vya ujenzi katika sehemu nyingi za Kaunti ya Taita Taveta.



Nimeombwa nizungumze juu ya swali ambalo sidhani kuna fundi hapa Voi ambaye hajaulizwa. Mtu anakuja na pikapu yake ya zamani. Inaweza kuwa Peugeot 504, ile tunayoiita Pijo, au Datsun, au Toyota Hilux, au Isuzu. Injini bado inanguruma vizuri na bodi imepigwa rangi. Sasa mwenyewe anataka tairi pana za nyuma, zile zinazojaza madigadi na hata kutokeza nje kidogo. Anauliza, "Fundi, zitaingia?"

Fundi akishika futi na kupima, mara nyingi jibu ni kwamba zitaingia. Lakini kuingia ni jambo dogo. Swali la kwanza ni kama gari litabeba mzigo wako kwa usalama baada ya kuzifunga, na kama litasimama ukikanyaga breki kwenye mteremko wa Wundanyi. Hilo ndilo ninalotaka tulizungumze leo.

SABABU ZA KUZITAKA

Watu hunipa sababu tatu. Ya kwanza ni sura. Pikapu yenye tairi pana nyuma inapendeza, na sina ugomvi na hilo. Mtu aliyetunza gari miaka thelathini ana haki ya kulipamba.

Ya pili ni mzigo. Wengi wanaamini kwamba tairi ikiwa pana, inabeba zaidi. Nitaeleza kwa nini imani hii ni ya hatari.

Ya tatu ni mchanga. Wanaoishi upande wa Sagalla, Kasigau, Marungu au Kishushe wanajua maana ya gari kuzama kwenye mchanga wa lugga. Hapa kuna ukweli, lakini si ukweli wote. Nitaufikia.

TAIRI PANA SI LAZIMA IWE TAIRI YA MZIGO

Ukirudi nyumbani leo, inama uangalie ubavu wa tairi ya pikapu yako. Pikapu nyingi za zamani za tani moja zilikuja na tairi iliyoandikwa 185R14C. Namba 185 ni upana wa tairi kwa milimita. R ni radiali, namna nyuzi za ndani zilivyosukwa. Namba 14 ni ukubwa wa rimu kwa inchi. Herufi C inakuambia kwamba tairi hii ilitengenezwa kwa gari la mizigo.

Karibu na hapo kuna namba nyingine ambayo wengi hawaisomi. Kwenye tairi ya 185R14C ya kawaida utaona 102/100. Hiyo ndiyo namba ya mzigo. Namba 102 maana yake ni kilo 850 kwa tairi moja. Hiyo 100 ni kwa tairi zinazofungwa mbili mbili upande mmoja, kilo 800 kila moja. Kwa hiyo tairi zako mbili za nyuma, zikiwa nzima na zimejazwa upepo unaotakiwa, zimejengwa kubeba kilo 1,700 kwa jumla. Humo mna uzito wa gari lenyewe unaokalia ekseli ya nyuma pamoja na mzigo wako.

Sasa tuchukue tairi pana inayoingia kwenye rimu ya inchi 14, kwa mfano 245/60R14. Ina milimita 245, yaani imezidi ile ya kwanza kwa sentimita 6. Kwa macho ni tairi ya kazi kubwa. Lakini tairi za ukubwa huu zilitengenezwa kwa magari madogo ya fahari. Ukisoma ubavuni utakuta namba kama 98. Hiyo 98 ni kilo 750. Mbili zinabeba kilo 1,500.

Umetoa pesa, umeongeza upana, na umepoteza kilo 200 za uwezo kwenye ekseli ya nyuma. Kilo 200 ni magunia mawili ya mahindi na zaidi kidogo. Dereva hajui. Anaona tairi nene, anaongeza gunia la tatu.

Linganisha na tairi ya 195R14C. Hii ni pana kuliko ya kwanza kwa milimita 10 tu, na ukiwa mbali huwezi kuona tofauti. Lakini namba yake ya mzigo kwa kawaida ni 106, ambayo ni kilo 950. Milimita 10 zimekupa kilo 100 kwa kila tairi, kwa sababu uwezo wa kubeba unatoka kwenye nyuzi na matabaka yaliyo ndani ya tairi na kwenye upepo inaoweza kuhimili. Upana wa kuonekana hausemi lolote juu ya hayo.

Shikeni namba hizi nne: 95 ni kilo 690, 98 ni kilo 750, 102 ni kilo 850, 106 ni kilo 950. Ukienda kununua tairi, uliza namba hiyo kabla ya kuuliza bei. Na hata tairi ikiwa na namba kubwa, ekseli, springi na breki za gari lako ni zile zile. Uzito ambao gari liliruhusiwa kubeba na kiwanda hauongezeki kwa sababu umebadilisha tairi.

UPEPO

Madereva wa mizigo wana mazoea ya kujaza upepo mwingi nyuma kabla ya kupakia. Kwa tairi ya 185R14C yenye matabaka manane ni sawa, kwa sababu imejengwa kuhimili hadi PSI 65. Tairi pana ya gari dogo ni tofauti. Ubavuni imeandikwa kiwango cha juu, na mara nyingi ni PSI 35 au 44. Dereva aliyezoea 60 akienda kwa kijana wa pampu na kusema "weka kama kawaida", anaitia tairi hiyo kwenye hatari. Akiiacha kwenye 35 na kupakia mzigo ule ule wa zamani, ubavu unakunjwa na kukunjuka kila gurudumu linapozunguka, na tairi inapata joto. Kwenye lami ya Voi mchana wa jua kali, joto hilo halina pa kwenda. Mwisho wake ni tairi kupasuka gari likiwa kwenye mwendo.

Tairi ya nyuma ikipasuka na mzigo juu, mkia wa gari unayumba na dereva hana nafasi ya kufikiri. Na sote tunajua kwamba juu ya mzigo mara nyingi wamekaa watu: vijana wa kupakua, akina mama wanaorudi sokoni, wakati mwingine watoto wa shule waliosaidiwa njiani. Kwa hiyo somo hili si la wenye magari peke yao.

KIMO CHA GURUDUMU: GIA, BREKI NA MITA

Baadhi ya watu wanakwepa tatizo la mzigo kwa kuhamia rimu ya inchi 15 na kufunga tairi za magari makubwa, kwa mfano 265/70R15. Hizi zina namba ya mzigo ya kutosha. Nyingi ni 112, yaani kilo 1,120. Lakini zinaleta shida nyingine, kimo.

Tairi ya 185R14C ina kipenyo cha karibu milimita 650 kutoka juu hadi chini. Ile ya 265/70R15 ina 752. Gurudumu limekua kwa karibu asilimia 16, na mambo manne yanabadilika kwa pamoja.

Kwanza, mita ya mwendo inadanganya. Ikionyesha 80, wewe unakwenda karibu kilomita 93 kwa saa. Ikionyesha 50 unapoingia mjini, unakwenda karibu 58, na huko ni kuvunja sheria bila kujua.

Pili, gia zote zinakuwa ndefu. Gia ya pili iliyokuwa inapandisha mzigo kutoka Mwatate hadi Wundanyi sasa inashindwa. Dereva anarudi ya kwanza, anacheza na klachi kwenye kona, na harufu ya klachi inayoungua inaingia ndani ya kebini. Injini ya zamani haina nguvu za ziada za kutoa.

Tatu ni breki, na hapa nawaomba msikilize. Dramu ya breki ni ile ile, lakini gurudumu linalozuiwa ni refu zaidi. Kwa nguvu ile ile ya mguu, breki ya gurudumu hilo inapoteza karibu asilimia 14 ya nguvu zake pale tairi inapogusa barabara. Injini nayo inalizuia gari kwa nguvu ndogo zaidi unapoteremka kwa gia. Wundanyi iko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, na Voi iko karibu mita 600. Ukitoka Wundanyi na mboga za kupeleka Mombasa unashuka mita 700 na zaidi, na sehemu kubwa ni zile kona za kuteremka Mwatate, mara nyingi asubuhi yenye ukungu na barabara yenye unyevu. Dramu zikipata joto, breki zinalegea. Hiyo asilimia 14 utaihitaji hapo.

Nne, ukifunga nyuma peke yake, mkia unainuka karibu sentimita 5 na pua inainama. Taa za mbele zinamulika karibu mno. Ukisafiri usiku kutoka Taveta kupitia Maktau, ambako ndovu huvuka barabara, unahitaji kuona mbali.

RIMU NA SPESA

Tairi ya milimita 185 inakaa kwenye rimu ya upana wa inchi 5 au 5 na nusu. Tairi ya 265 inataka rimu ya inchi 7 hadi 9. Kuilazimisha kwenye rimu nyembamba kunaibana mdomo, katikati inavimba kama mgongo wa kobe, na inakanyaga barabara kwa sehemu ya katikati tu. Umelipia upana usioutumia. Mbaya zaidi, kwenye kona kali mdomo wa tairi unaweza kutoka kwenye rimu.

Ukipata rimu pana, angalia inakaa wapi. Ikiingia ndani sana, tairi itasugua springi au shokabsoba. Ikitoka nje sana, uzito wa gari unahamia nje ya mahali beringi ilipowekwa kuubebea. Ndipo watu wanatumia spesa, kile kipande cha chuma cha kusukuma gurudumu nje. Spesa ya sentimita 5 inafanya kazi kama mtu anayebeba ndoo kwa mkono ulionyooshwa badala ya kuishikilia karibu na mwili. Ndoo ni ile ile, lakini bega linachoka haraka. Bega la gari ni beringi, shafti na boliti za gurudumu. Pikapu iliyoundwa miaka ya sabini au themanini ina chuma kilichokwisha kuchoka. Vile vipande vya spesa vinavyochongwa mtaani bila kipimo, vyenye mashimo makubwa kuliko boliti, visifungwe kwenye gari lolote la mizigo.

Tairi inayotokeza nje ya madigadi ina adha nyingine. Kwenye barabara ya changarawe inarusha mawe, na anayeyapokea ni mwendesha bodaboda aliye nyuma yako au kioo cha gari unalopishana nalo.

NYUMA PANA, MBELE NYEMBAMBA

Gari likiwa na mshiko mwingi nyuma na mdogo mbele, ukikata kona kwa kasi pua inagoma kugeuka. Unakata usukani, gari linaendelea mbele kuelekea ukingoni. Kwenye barabara iliyonyooka kati ya Voi na Maungu hutaliona hili. Kwenye kona za milimani utaliona, tena utakuwa umechelewa.

Kuna pia suala la tairi ya akiba. Nyuma ni aina moja, mbele ni aina nyingine. Akiba uliyobeba ni ya wapi? Voi hadi Taveta ni zaidi ya kilomita 100, na sehemu ya njia hiyo imepita ndani ya Hifadhi ya Tsavo Magharibi. Pancha ya nyuma saa mbili usiku huko, na akiba uliyo nayo ni nyembamba ya mbele, si jambo la mzaha. Ukifunga tairi za aina mbili, beba akiba mbili.

MCHANGA NA MATOPE

Nilisema nitaufikia mchanga. Watu hudhani tairi pana inaweka mpira mwingi zaidi ardhini. Ukweli ni kwamba eneo linalogusa ardhi linategemea zaidi uzito na upepo. Tairi iliyobeba kilo 600 ikiwa na PSI 36 inagusa ardhi kwa takriban sentimita za mraba 240, iwe pana au nyembamba. Ile pana inagusa kwa umbo fupi na pana, ile nyembamba kwa umbo refu na jembamba. Faida ya tairi pana kwenye mchanga ni kwamba inaweza kupunguzwa upepo zaidi bila kuharibika.

Maana yake ni kwamba tiba ya mchanga ni upepo. Ukifika kwenye lugga na gari halina mzigo mkubwa, punguza hadi karibu PSI 20, vuka polepole bila kukata kona kwa nguvu, kisha jaza tena kabla ya kurudi kwenye mwendo wa barabarani. Pampu ya mguu na kipimo cha upepo ni bei ndogo sana ukilinganisha na tairi mbili na rimu mbili.

Kwenye matope tairi pana inaweza hata kukuletea hasara. Inaelea juu ya tope, wakati ile nyembamba inalikata na kufika kwenye ardhi ngumu. Wazee waliopo hapa wanakumbuka Safari Rally ya zamani, magari yalipopita katika milima yetu ya Taita wakati wa mvua ya Pasaka. Mwaka wa 1963 yalianza magari 84 na yakamaliza 7. Mwaka wa 1968 yalianza 93, na tena yakamaliza 7. Mara zote mbili mshindi alikuwa Nick Nowicki akiendesha Peugeot 404. Katikati, mwaka wa 1966 na 1967, Peugeot 404 ilishinda tena ikiendeshwa na Bert Shankland wa Tanzania. Magari yale yalikwenda kwa tairi ambazo leo kijana angeziita za baiskeli. Hizo 404 ni ndugu wakubwa wa Pijo zetu. Waliozijenga waliwajua barabara zetu, na hawakuweka tairi nyembamba kwa ubahili.

UKIAMUA KUFUNGA

Sikuja kumkataza mtu. Kama umesikia haya yote na bado unataka tairi pana zaidi, fuata utaratibu huu.

Anza na mzigo. Andika ni kilo ngapi unabeba siku ya kazi nzito, kisha tafuta tairi yenye namba ya mzigo isiyopungua ile ya kiwandani. Ikipungua, achana nayo hata ikiwa ya bure.

Kimo kisizidi au kupungua zaidi ya asilimia 3 ya kile cha zamani. Kwa tairi ya 185R14C hiyo ni kama sentimita 2 tu kwa kipenyo. Ndani ya kipimo hiki, 195R14C inaingia bila shida na inakaa kwenye rimu ya inchi 5 na nusu.

Soma tarehe. Mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT kuna namba nne. Ukikuta 2319, tairi ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi ya mtumba inaweza kuwa na meno mazuri na bado mpira wake umekauka na kupasuka nyufa. Na meno yakifika usawa wa vile vinundu vilivyo kwenye mifereji, yamebaki milimita 1.6. Hapo tairi imekwisha.

Jaribu gari likiwa na mzigo. Tairi isiyosugua gari likiwa tupu inaweza kusugua springi zikilala. Pakia, pita kwenye tuta polepole, kisha chungulia chini uone kama kuna alama za kusugua.

Fungeni nati kwa mpangilio wa msalaba, na mzikaze tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Ukifunga hapa Voi, ukienda Mwatate na kurudi umefika. Kaza.

Mwisho, badilisha zote nne pamoja, na akiba iwe ya aina hiyo hiyo.

SHERIA NA BIMA

Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, katika kifungu cha 55, inataka kila gari linalotumika barabarani, pamoja na taa na tairi zake, liwe katika hali isiyohatarisha watumiaji wengine wa barabara wala watu waliopanda gari hilo. Gari la biashara hukaguliwa kila mwaka chini ya Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama Barabarani, NTSA. Rimu zinazotokeza, spesa za kuchonga na tairi za namba ndogo ni mambo ambayo mkaguzi ana haki ya kuyakataa.

Kuhusu bima, iarifu kampuni yako kwa maandishi kabla ya kubadilisha ukubwa wa magurudumu, na uweke nakala ya barua. Ajali ikitokea na ikaonekana gari lilibadilishwa bila wao kujua, fidia inaweza kuwa na mvutano, na anayeumia ni familia ya aliyejeruhiwa.

MASWALI YALIYOULIZWA

Mzee kutoka Sagalla: Hilux yangu inavuta kwa magurudumu yote manne. Naweza kuweka tairi kubwa nyuma tu?

Jibu: Hapana, mzee wangu. Ukiingiza mvuto wa magurudumu manne, ekseli ya mbele na ya nyuma zinafungwa zizunguke sawa. Tairi za vimo tofauti zinataka kuzunguka tofauti. Zitapigana, na kitakachovunjika ni gia za kugawa nguvu au difu. Zote nne ziwe za kimo kimoja, hata kama huutumii mvuto huo mara nyingi.

Mama mfanyabiashara wa ndizi: Mimi sina gari, hukodi pikapu kutoka soko la Taveta. Nitajuaje kama tairi zake ni salama?

Jibu: Mama, zunguka nyuma kabla ya kupakia. Angalia kama tairi inatokeza nje ya madigadi. Angalia kama ina herufi C na namba ya mzigo, na ulinganishe na nilizozitaja. Ikiwa imevimba ubavuni, ina nyufa au ni kipara, usipakie. Baada ya kupakia angalia tena. Kama ubavu umejikunja au tairi imegusa bodi, mwambie dereva apunguze mzigo au ajaze upepo hadi kiwango kilichoandikwa. Wewe ndiye unayelipa, una haki ya kuuliza. Na usikae juu ya mzigo.

Dereva kutoka Kasigau: Nikiongeza majani ya springi nyuma, si gari litabeba zaidi?

Jibu: Gari halitalala, lakini halijaongezewa uwezo. Tairi, breki, ekseli na beringi zimebaki zile zile. Springi ngumu zinakuficha mzigo uliozidi. Zamani ulikuwa unaona mkia umeshuka, ukajua umezidisha. Sasa huoni.

Kijana fundi wa Voi: Mteja akisisitiza, na mimi nikikataa anaenda kwa jirani. Nifanyeje?

Jibu: Mwonyeshe namba. Usibishane naye juu ya sura. Mwandikie kwenye karatasi: tairi yake ya zamani kilo 850, anayoitaka kilo 750. Wengi wakiona kilo 200 zimepotea wanabadilisha mawazo wenyewe, kwa sababu hizo kilo 200 ndizo faida yao ya safari. Akisisitiza spesa za kuchonga, mwache aende. Mteja aliyekwenda atarudi siku nyingine kwa kazi nyingine. Gurudumu likichomoka Josa, hakuna atakayeuliza jirani alisema nini. Watauliza ni nani aliyefunga.

Kabla hamjaondoka, pikapu zilizoegeshwa hapo nje ni nyingi. Twendeni tukazisome tairi pamoja, moja baada ya nyingine. Mwenye kipimo cha upepo aje nacho.